Mwacha Asili au Mnyang'anywa Asili?

Aghalabu jina la ukoo litokanalo na mahali huchukuliwa kuwa shahidi wa asili. Mjerumani aitwaye Bamberger hudhaniwa kuwa wazee wake walitoka mji wa Bamberg. Mombasa nako, miongoni mwa Tisa Taifa wamo Wakilifi, Wamtwapa na Wapate, ambao majina yao yangali yakitaja miji waliyohama wazee wao. Hapo jina huwa njia ya kumrudisha mtu kwao.

Hata hivyo, huko Kisauni, si mbali na Ziwa la Ng'ombe, yamekuwapo majina yasiyoifuata kanuni hiyo. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa, wakayapa jina la Sir Bartle Frere. Miongoni mwa waliofanya kazi hapo ni Matthew Wellington. Huyu alikuwa Myao, na jina lake la kwanza lilikuwa Chengwimbe. Alitekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Nasik, India. Kisha akawa mmoja wa walioichukua maiti ya David Livingstone hadi pwani. Alifariki Mombasa mwaka 1935.

Wellington ni mji wa Somerset, Uingereza. Mwaka 1809 jemadari Arthur Wellesley alitunukiwa cheo chenye jina la mji huo. Baadaye mji mkuu wa New Zealand ukaitwa kwa heshima yake. Jina hilohilo likamfikia mtoto wa Kiyao ambaye ukoo wake haukuwa na mtu hata mmoja wa Somerset. Kwake yeye, jina lilisimulia safari ya waliompa.

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii ikielekezwa kwa wazao wa Frere Town, hukosa shabaha, kwani wazee wao hawakuiacha asili. Utumwa ndio uliowanyang'anya. Kwa hiyo, kumhesabu mtu kuwa mgeni kwa sababu ya jina lake ni kumwadhibu mara ya pili.

Wenyeji wa Kisauni walikuwa na njia yao ya kutaja mahali. Palipo na kengele ya misheni walipaita Kengeleni, kama vile pengine palivyoitwa Ziwa la Ng'ombe. Jina Kengeleni halimuulizi mtu ukoo wake. Ni la kila aliyewahi kuisikia kengele ile ikilia.