Mbegu za Kitale na seli za maabara

Najua niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata wiki hii. Ahadi hiyo naiahirisha kidogo, kwa sababu kuna swali nililoulizwa hapa Moi's Bridge na limeninyima usingizi.

Jirani yangu, mama aliyehamia hapa kutoka Busia, ana mtoto wa miaka saba. Taya la mtoto lilianza kuvimba, watu wakasema ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi. Mwishowe wakapanda matatu hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, wakaambiwa ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Mtoto akaanzishiwa kemotherapi. Uvimbe umepungua sana, lakini mdomo umejaa vidonda na hataki kusikia habari za sindano. Jumapili mama akanijia na simu mkononi.

"Ndugu yangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Hapa wanasema kuna seli za kutengenezwa maabara, zinakula saratani bila kumtesa mtoto. Si afadhali tuache hizi dawa tungoje hizo?"

Nikamwomba anipe siku mbili nisome.

Kwanza, ugonjwa huu si mgeni kwetu. Umepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya aliouona kwa watoto wa Uganda. Huenda mbio ajabu: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ikumbukeni hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye hizo seli. Mwili una askari wake, mojawapo wakiwa seli T. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ambayo seli T za mgonjwa hutolewa kwenye damu, hupelekwa maabara, hutiwa jeni la kutambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli za aina fulani za saratani ya damu, kisha hurudishwa mwilini. Imewaokoa watu waliokuwa wameshakata tamaa. Lakini kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na dawa ya kwanza ya aina hiyo iliingia sokoni kwa dola 475,000, pesa ambazo leo ni zaidi ya shilingi milioni 60 za Kenya. Ni kama mimi kuandika programu upya kwa kila mteja, tena ndani ya kompyuta yake mwenyewe iliyokwisha kuharibika.

Hapo ndipo seli shina zinapoingia. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba ukiingiza jeni nne kwenye seli ya ngozi ya panya, inarudi utotoni na inaweza kufundishwa kuwa seli ya aina nyingine. Mwaka uliofuata ikawezekana kwa seli za binadamu. Basi watafiti huchukua seli shina moja, huihariri jeni zake, huikagua, kisha huizalisha kwa wingi na kuigandisha kama akiba. Kutoka akiba hiyo huotesha askari, mara nyingi wale waitwao NK, kwa sababu hawa si wepesi wa kuushambulia mwili wa mtu wasiyemjua. Kampuni ya Fate Therapeutics ya San Diego ilianza kuwajaribu kwa wagonjwa mwaka 2019.

Mama nilimweleza kwa mahindi. Kila mkulima wa hapa anajua tofauti ya mbegu aliyobakiza ghalani na ile ya Kenya Seed kutoka Kitale. Ya ghalani hutegemea shamba lake lilivyokuwa mwaka jana. Mgonjwa aliyechoshwa na dawa, seli zake nazo huwa zimechoka. Ya Kitale imeshapimwa, imefungwa, inangoja mvua. Dozi iliyogandishwa ingeweza kungoja hivyo hivyo kwenye friji ya Eldoret, na mtoto wa Burkitt asihitaji kungoja wiki hata moja.

"Kwa hivyo ipo?" akauliza.

Haipo, dada. Ingali kwenye majaribio. Seli hizo za NK hazikai sana mwilini, inabidi kurudia dozi, na mwili wa mgonjwa huweza kuzifukuza kwa kuwa ni za mtu mwingine. Zaidi ya yote, kwa kawaida hujaribiwa kwa watu ambao dawa za kawaida zimewashinda. Mtoto wako dawa hazijamshinda. Zinafanya kazi, na wewe umeuona uvimbe ukipungua. Ukisimamisha leo, rudi kwenye ile hesabu ya siku moja au mbili.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Sisi watu wa kompyuta tunapenda toleo lijalo hata kabla ya kumaliza kutumia hili lililopo, na ninaona ni sisi tuliowafundisha watu wote kungoja. Toleo lijalo la dawa hii nalingoja kwa hamu, lakini nataka mtoto huyu awepo likifika.

Akaniuliza mdomo wenye vidonda unaoshwa na nini. Nikamwambia hilo amuulize muuguzi Jumanne, siku ya dozi, asilinyamazie. Kisha nikaiweka Jumanne kwenye simu yake, saa kumi na moja alfajiri, ili wawahi matatu.

Jumanne walikwenda. Hifadhidata ni wiki ijayo, panapo majaliwa.