Cheti cha shosh pia kina story yake

Cheti cha kuzaliwa cha shosh kinasema 1 Januari 1959. Mwenyewe anasema alizaliwa wakati wa mafuriko makubwa ya 1961. Nani anadanganya? Hakuna. Sheria ya usajili ilifika kila pembe ya Kenya kufikia 1971, kwa hivyo wazee wengi walipata vyeti wakiwa watu wazima na tarehe ikakadiriwa tu.

Ukiandika historia ya familia, wacha kuandika "1959" peke yake. Andika imetoka wapi: namba ya cheti, siku ya kusajiliwa, nani alitoa habari. Yote iko hapo kwa karatasi. Kando yake weka maneno ya shosh. Karatasi itangoja, wasee. Shosh je?