Kitonga, Saa Nne Asubuhi

Mke wangu ndiye aliyeiona sindano kwanza. "Hii huwa inafika huku?" akauliza, akigonga kioo cha dashibodi kwa ncha ya kidole. Tulikuwa katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya lori la saruji, saa nne asubuhi. Bibi yake alikuwa anazikwa Mafinga saa nane mchana. Nikamwambia ni mlima tu, itashuka. Nilijua haitashuka.

Gari lenyewe ni Impreza ya mwaka 2003, yenye tabo na lile tundu juu ya boneti. Watu wa rika langu hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu alitamani. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na sisi watoto wa mtaani tuliendesha mbio hizo upya kwa magari ya makopo. Nililinunua mkononi mwa mtu Dar, likiwa na miaka kumi na saba, kwa bei ambayo hata mwalimu wa sekondari angeiweza. Hapo nilipaswa kujiuliza. Gari la mbio likizeeka bei yake hushuka hadi mtu kama mimi aifikie, lakini bei ya spea zake haishuki nayo.

Fundi wangu yuko Ilala, mzee mpole anayesikiliza injini akiwa amefumba macho. Ndiye aliyenieleza habari za tabo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha panga dogo upande mmoja, na panga la upande wa pili linasukuma hewa ndani. Kitu hicho chenye ukubwa wa embe kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kikielea juu ya utando mwembamba wa oili. "Ukitoka mwendo mkali usizime palepale," alisema. "Liache lingurume dakika moja, mbili, lipoe. La sivyo oili inaungulia humo ndani kama ukoko." Mimi nilikuwa nafika kazini nimechelewa. Nilizima na kukimbia.

Nina daftari. Mkanda wa taiming pamoja na puli zake na pampu ya maji: 480,000. Hiyo nililipa bila kubisha, maana kwenye injini hii mkanda ukikatika valvu na pistoni zinagongana, na hapo huna injini tena. Kisha gari likakosa nguvu. Mafundi wawili wa pembeni waliniuzia plagi na sensa kabla ya mzee kunyunyiza maji ya sabuni kwenye bomba la mpira la hewa na kunionesha mapovu. Mpira mpya, 35,000. Plagi na sensa ambazo hazikuhitajika, 290,000. Machi, moshi wa buluu kila asubuhi: tabo imeanza kuvujisha oili. Tabo ya mtumba kutoka Japani, 850,000.

Hizo 850,000 zilitoka kwenye akiba yetu ya kiwanja cha Kibaha. Mke wangu alipouliza, nilisema nimemkopesha kaka.

Sililaumu gari. Niliporudi kwa mzee, wiki mbili kabla ya msiba, lilikuwa limeshanieleza kila kitu kwa njia yake: maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, hita inapuliza baridi ghafla, mapovu kwenye tanki dogo la maji. Mzee alifungua mfuniko gari likiwa limepoa, akaliwasha, akanionesha. "Gasketi ya hedi. Gesi ya ndani inaingia kwenye maji." Injini hii imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, hedi ni mbili, gasketi mbili, na ukitaka kazi ya uhakika unashusha injini nzima. Pamoja na kupeleka hedi kwenye mashine zikanyooshwe, alitaka 1,100,000. "Mjini utaendesha kidogo kidogo, mwanangu. Mlimani usiende nalo."

Sikuwa nayo. Siku nne kabla nilikuwa nimelipa 380,000 kwa ekzosi pana, ili lingurume vizuri.

Simu ya msiba ilipokuja, mke wangu alisema, "Tukate tiketi za basi la alfajiri." Nikasema, "Gari si lipo?" Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Labda nilitaka ukweni wanione nikiingia nalo. Labda kusema "gari ni bovu" kungefungua maswali mengine, na mwisho wake ungekuwa kwa kaka.

Kwa hiyo Kitonga. Mvuke ulianza kutoka kwenye lile tundu la boneti, ukapanda kiooni. Nikapata upenyo pembeni, nikasimama. Tuliweka majani barabarani nyuma yetu, kama ilivyo desturi. Dereva mmoja wa lori akashuka na dumu la maji, akanishika mkono kabla sijagusa mfuniko: "Unataka uungue uso?" Tulisubiri karibu saa nzima, tukajaza maji, tukapanda. Kilomita tatu mbele sindano ikarudi kulekule, na nikaendelea kukanyaga, maana saa ilikuwa inakimbia. Ndipo nikaanza kusikia mgongo wa chini ukigonga, ko, ko, ko, ukifuata mguu wangu. Hizo ni beringi. Kila fundi anaujua mlio huo, na kila mtu mwenye injini ya namna hii huwa anauogopa usingizini.

Saa nane mchana tulikuwa Ilula, nyuma ya lori lililotuvuta kwa kamba. Simu ya mke wangu ikaita. Alikuwa mama yake mdogo, na sauti ilisikika hadi kwangu, na nyimbo nyuma yake. "Mwanangu, tuwasubiri au tuteremshe?"

Alikaa kimya kidogo, akitazama ile kamba. "Teremsheni, mama."

Injini nyingine ya mtumba, pamoja na kazi, ilikuwa 4,200,000. Kabla ya kulipa nilimpa daftari. Alilisoma mezani kuanzia ukurasa wa kwanza, kimya, kama anayesahihisha mitihani. Akarudi nyuma kurasa chache, akaweka kidole.

"Hii ya Machi. Ndiyo ile ya kaka yako?"

"Ndiyo."

Akafunga daftari, akaenda kuanua nguo.

Wakati wa arobaini gari lilikuwa limeshapona. Mzee alilizungusha mjini siku mbili, akapima maji, akapima oili, akasema sasa hata Mbeya linafika. Nilimwambia mke wangu. "Nimesikia," alisema, akanionesha simu: tiketi mbili za basi, siti za dirishani, moja mbele ya nyingine.

Tulipanda Kitonga saa nne na robo. Kwenye ule upenyo kulikuwa na Noah imefunguliwa boneti, majani yametandazwa nyuma yake. Nilimwona mke wangu akigeuza shingo kuitazama, mpaka kona ilipoificha.