Nane Nukta Tatu

Saa mbili usiku wa Ijumaa nilitoka nje ya maabara nikampigia mama. "Shikamoo mama. Imekubali."

Hakuuliza nini kimekubali. "Marahaba. Kwa hiyo Novemba unamaliza?"

Nikasema ndiyo.

Kilichokubali ni papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai. Mama anakijua kuliko mimi, ila hakijui kwa jina. Nyama ya mishkaki ikiwa ngumu huipaka papai bichi lililotwangwa, na akiisahau hadi asubuhi anakuta inamomonyoka mkononi. Kazi hiyo ya kukata protini inategemea asidi amino mbili zinazotazamana ndani ya ufa wa kimeng'enya: sisteini ya 25 na histidini ya 159. Drenth na wenzake kule Groningen walichapisha umbo lake mwaka 1968, kwa hiyo mahali zilipo si siri. Swali langu la uzamili lilikuwa dogo: salfa ya ile sisteini inaachia protoni yake kwenye pH ipi?

Jibu unaliuliza mwanga. Salfa yenye protoni inafyonza kidogo sana urujuanimno wa nanomita 240 hivi. Ikiipoteza protoni, inaufyonza sana. Basi unatia kimeng'enya kwenye kijikopo cha kwatzi (kioo cha kawaida kinaumeza mwanga huo chenyewe), unapandisha pH hatua kwa hatua, unaandika namba. Ukizichora zinapanda kama kilima, na katikati ya mwinuko, pale nusu ya protoni zimeondoka, ndipo kwenye pKa.

Yangu ilikuwa 8.3. Vitabu vinaipa sisteini iliyo peke yake kwenye maji namba hiyohiyo, nami nilifurahi kwa sababu nimelingana na kitabu. Msimamizi wangu alijibu barua pepe kwa neno moja: hongera.

Jumatatu, nikisubiri zamu ya mashine, nilichukua sampuli iliyobaki nikaipitisha kwenye kichujio kinachozuia protini. Nikapima maji yaliyopita. Sijui nilitafuta nini, labda nilitaka tu kuona mstari ulionyooka.

Kilima kilekile. 8.3.

Papaini ikikaa, salfa yake hufungwa na oksijeni, hivyo huamshwa kwa kuitilia sisteini ya chupani, ambayo lazima uitoe yote kabla ya kupima. Mimi niliichuja mara moja, harakaharaka, kwa kuwa foleni ya mashine ilikuwa ndefu na ada ya muhula mwingine sikuwa nayo. Wiki tatu nilikuwa napima kiamshio.

Hakuna aliyeniona. Yale maji ningeyamwaga kwenye sinki yakaisha, na namba ilikuwa ya kitabuni, nani angeihoji? Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya pili sikula mchana.

Jumatano nikabisha hodi. "Dokta, ile 8.3 si ya kimeng'enya."

Aliutazama mchoro wa maji kwa muda mrefu. "Usiutupe huu," akasema. "Nenda kachuje tena."

Nilichuja mpaka maji yakaacha kupanda. Kisha nikaigawa papaini mara mbili: nusu nikaiacha hai, nusu nikaifunga salfa yake kwa ayodoasetamidi, na nikatoa moja kwenye nyingine. Bila hivyo, tirosini zake 19 zingenidanganya, maana nazo hufyonza mwanga huo pH ikipanda. Kilichobaki baada ya kutoa kilikuwa kidogo, chenye mikwaruzo, si kizuri hata kidogo. Lakini kwenye pH 6, ambapo sisteini ya chupani bado imeshikilia protoni yake, ya papaini ilikuwa imeshaiachia kitambo. Mwinuko wake ulikuwa huko chini, karibu na 4. Protoni ipo kwa jirani, kwenye histidini, nayo haiachii hadi 8.5 hivi. Lewis, Johnson na Shafer walishaliona hili mwaka 1976 kwa njia nyingine. Sikugundua kitu. Nilitetemeka hata hivyo.

Novemba ilikuwa imeshapita.

"Papai limekushinda?" mama aliuliza kwenye simu.

"Halijanishinda. Nilikuwa napima kitu kingine."

"Miezi yote hiyo?"

"Wiki tatu, mama. Iliyobaki ni ya kurudia."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.