Kushuka na Ewaso Nyiro kwa Miguu

Ngamia hupakiwa gizani. Kabla ya alfajiri wachungaji huwapigisha magoti mmoja mmoja, wakawatandika mikeka mgongoni, juu yake wakafunga fito, kisha mitungi ya maji, sufuria, magunia ya mahindi na maharage, na mwisho kabisa mabango yetu. Kila kamba inapokazwa ngamia hulalama kwa sauti ya kutokea tumboni, shingo imegeuka nyuma, meno nje. Nilimwonea huruma mmoja, na kijana wa Kisamburu aliyekuwa akimfunga akacheka. "Huyo hulia hata kabla hajaguswa, dada. Jihadhari na yule aliyenyamaza."

Kwa Wasamburu ng'ombe ndiye mnyama wa heshima. Ngamia wameanza kuwafuga kwa wingi miaka ya karibuni, baada ya ukame kuwamalizia mazizi, na ufundi wa kumpakia ngamia wengi wamefunzwa na majirani zao, watu wale wale ambao taarifa ya habari huwataja nao pamoja siku za wizi wa mifugo tu.

Huu ndio Msafara wa Ngamia, ambao shirika la wafugaji la IMPACT limekuwa likiuandaa kando ya mto Ewaso Nyiro tangu 2013. Wamaasai wa Laikipia, Wasamburu, Waturkana, Waborana na Wasomali huufuata mto kuelekea bondeni, wengine wakiingia na kutoka njiani kama nguvu na kazi zinavyowaruhusu. Kila wanapopiga kambi hufanya baraza. Ujumbe wenyewe si wa kuchosha kichwa: mto unakufa, mvua zimevurugika, na wenye mamlaka waje waone kwa macho yao. Septemba 2023 nilikuwa KICC, Nairobi, kwenye mkutano mkuu wa Afrika kuhusu tabianchi, na kitambulisho cha mwanahabari shingoni. Viongozi walitia saini azimio la kuitaka dunia itoze kodi ya kaboni, jambo la maana sana. Lakini katika vikao nilivyokaa sikusikia mto hata mmoja ukitajwa kwa jina, nikatoka na hamu ya kutembea kando ya mmojawapo.

Kule juu, upande wa Nanyuki, usingeamini kwamba kuna shida. Vijito vinashuka baridi kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, maji unaona mpaka changarawe. Wageni hupenda kuzungumzia barafu ya mlima, na kweli inasikitisha: kati ya mito 18 ya barafu iliyohesabiwa zaidi ya miaka mia iliyopita, zaidi ya theluthi imekwisha kabisa. Ila barafu hiyo huchangia kidogo mno katika maji ya Ewaso. Kinachoulisha mto ni mvua, na msitu unaoishika mvua hiyo na kuiachia polepole.

Halafu yanaanza mabomba. Mengine ni mipira tu ya mkulima wa ekari moja ya viazi, mengine ni mabomba meusi mazito yanayopanda ukingo na kupotelea nyuma ya ua wa seng'enge, injini ikinguruma mahali usipopaona. Huko ndani kuna maua, brokoli, na mishiri itakayopandishwa ndege kwenda Ulaya. Siwezi kuyasimanga mashamba hayo kirahisi, maana maelfu ya vibarua wanalisha watoto kwa mishahara yake, na mengi yana vibali halali. Kanuni zenyewe hazina ubaya: anayemwagilia anatakiwa ateke maji wakati wa mafuriko, ayahifadhi ya kutosha siku 90, na kiangazi auachie mto uende zake. Tulipita mabwawa makubwa yaliyojaa pomoni, tukapita pia injini zilizokuwa zikivuta maji mchana kweupe mwezi wa kiangazi.

Mwendo wa ngamia ni wa taratibu, lakini hausimami. Ukiinama kufunga kiatu, ukiinuka msafara umeshakuacha. Wazee walivaa akala, zile kandambili za tairi la gari, wakanipita mimi na viatu vyangu vya duka bila hata kuhema. Tulitembea kuanzia mapambazuko hadi jua linapoanza kuuma, tukajilaza chini ya migunga, tukaendelea alasiri. Chai ilipikwa kwa maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi kwa sababu vibuyu husafishwa kwa vijinga vya moto. Ukishaizoea, chai ya Nairobi utaiona maji ya kuoshea vikombe.

Kwenye magenge yaitwayo Crocodile Jaws, mto unapobanwa na majabali, wazee walisimama kwa muda mrefu. Hapo ndipo palipopangwa bwawa kubwa, maji yake yapelekwe kwenye mji wa kitalii wa Isiolo, sehemu ya mradi wa bandari na barabara wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012. Hofu ya watu wa chini ni kwamba mafuriko yakizuiliwa, malisho ya kule bondeni hayatapata tena maji ya kuyafufua. Mfugaji anayahitaji mafuriko. Hilo watu wa mjini huona vigumu kulielewa.

Archers Post, tukiuona mlima Ololokwe kwa mbali, tulifika daraja ambapo maji ya mto yamekuwa yakipimwa kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1960, mwezi wa Februari, zilipita hapo takriban mita 9 za ujazo kila sekunde. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki karibu 1. Nilizisoma takwimu hizo zamani kwenye ripoti, lakini ni jambo jingine kuzikumbuka umesimama chini ya daraja hilo na maji hayafiki magotini.

Tulipoipita hifadhi ya Shaba mto ukawa mchanga mtupu. Wanawake walikuwa wamechimba visima ndani yake, kina cha mtu mzima, mmoja chini akijaza kikopo na mwenzake juu akimimina mtungini. Hatua chache pembeni palikuwa na mashimo mengine, mapana, kingo zimebomoka: yamechimbwa na tembo usiku. Mama mmoja alinieleza utaratibu wao. Saa za asubuhi ni za watu, mchana ni zamu ya mbuzi, jua likitua kila mtu anaondoka awaachie wenyewe. "Tembo hana ubaya ukiheshimu saa zake," alisema, akanikabidhi kamba nivute.

Usiku huo kambini kulizuka mabishano ambayo nadhani yalikuwa kiini cha safari nzima. Kijana mmoja aliyesomea mazingira chuoni alikuwa akieleza ukame wa mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua iliyokosa mfululizo, zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa Kenya. Alieleza vizuri: wanasayansi wa World Weather Attribution walipouchunguza mwaka 2023 walikuta joto la dunia limeuongezea ukame wa namna ile uwezekano wa kutokea kwa angalau mara 100, kwa kuwa hata mvua kidogo inayonyesha joto huinyonya ardhini. Akamalizia kwamba Kenya haitoi hata asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia, kwa hiyo deni ni la mataifa tajiri.

Mzee wa Kiborana alimsikiliza mpaka mwisho. "Kijana wangu, hayo nayakubali yote. Lakini nikienda ofisini kuulizia maji yangu naambiwa ni tabianchi. Nikiulizia injini za kule juu, naambiwa tabianchi. Zamani tulikuwa tunaambiwa ni Mungu. Huyu tabianchi ofisi yake iko wapi, niende nimwone?"

Watu walicheka, na kijana naye akacheka, ila hakuwa na jibu. Mimi naona wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo sababu hoja ya mzee ni nzito zaidi: wingu la Ulaya na bomba la Timau kule juu hukutana kwenye mchanga ule ule, na afisa mvivu hulitaja la kwanza ili asiulizwe la pili.

Tulipofika Merti, baraza lilifanyika chini ya mti, viti vya plastiki vya wageni mbele. Risala ilisomwa. Afisa mmoja wa maji akashukuru, akazungumzia mabadiliko ya tabianchi kwa kirefu, akaahidi miche ya miti. Ndipo yule mama wa kisimani, aliyekuwa ametufuata mpaka hapo, akainuka na swali moja: anaomba orodha ya wote wenye kibali cha kuteka maji ya Ewaso, na kiasi cha kila mmoja. Afisa aliandika kitu kwenye daftari lake. Mama akanigeukia mimi. "Na wewe dada wa gazeti, ukiipata utaichapisha?"

Nilimwambia nitaichapisha. Nimeandika barua mbili, nimepiga simu, nimekwenda mwenyewe. Naambiwa mwenye faili yuko semina.