Barua kutoka Brooklyn: Njia ya ugrandmasta



 Msimu wa joto umefika hapa Brooklyn, na wacheza sataranji wamejaa Union Square, ng'ambo ya mto: meza za kukunja, kete za plastiki, saa ya kubonyeza pembeni. Mkono uliosogeza farasi ndio huohuo unaoipiga saa kwa kishindo, na mpinzani hapewi nafasi hata ya kumeza mate. Ni raha kutazama, lakini cheo cha grandmasta, kilicho juu kabisa katika sataranji, hakitoki hapo.

Mtaa huu ninaoishi umemkuza Maurice Ashley. Alizaliwa Jamaika mwaka 1966, akaja Brooklyn akiwa na miaka 12. Shuleni aliomba kuingia timu ya sataranji, wakamwacha. Akakimbilia vitabu, kisha Prospect Park, kwa wakongwe weusi wa kundi la Black Bear School. Walimfunga bila huruma mpaka akakomaa. Baadaye akawa mwalimu wa watoto wa Harlem, na mwaka 1991 timu yao, Raging Rooks, ikawa miongoni mwa mabingwa wa taifa wa rika lao. Kazi hiyo ilimlisha, ila ilimmalizia muda. Mwaka 1997 aliiacha ili ajinoe yeye mwenyewe. Machi 1999, akiwa na miaka 33, akawa grandmasta wa kwanza mweusi duniani.

Mimi huwaza zaidi ile miaka miwili. Nani kwetu Afrika Mashariki anaweza kuacha mshahara miaka miwili kwa ajili ya ubao wa miraba 64 asipopata wa kumshika mkono?

Maana masharti ni magumu. Shirikisho la dunia, FIDE, linadai kiwango cha pointi 2500, na juu yake nomu, yaani mashindano ambayo mtu amecheza kwa kiwango cha 2600 au zaidi, jumla ya michezo 27. Katika kila nomu, angalau theluthi ya wapinzani wawe magrandmasta, na wasipungue watatu. Sasa kijana wa Kampala au Mombasa atawapata wapi? Lazima apande ndege, na kabla ya ndege kuna viza.

Amon Simutowe wa Zambia alipitia njia hiyo. Alikuja kusoma Texas, nomu yake ya mwisho akaipatia Uholanzi mwaka 2007, na cheo kikathibitishwa 2009. Kenya, Uganda na Tanzania bado hazina hata mmoja. Kipaji tunacho. Tusicho nacho ni nauli na wapinzani walio karibu.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa vyama vyetu vya sataranji: unganeni, muwaalike magrandmasta waje Nairobi au Dar es Salaam, vijana wetu watafute nomu nyumbani. Nasi wa ughaibuni, kijana akija mashindanoni huku, tumpokee, tumpe chumba na chakula.