Kutoka Kuombewa hadi Kujitetea

Miaka ya 1990, nilipokuwa kiongozi wa wanafunzi katika chuo kimoja Nairobi, mwanafunzi aliyenaswa na mwakenya, yaani karatasi ya kuibia majibu, kwenye mtihani alikuwa na njia moja tu ya kusaidiwa: kutafutiwa mtu wa kumwombea. Barua ya kamati ya nidhamu ilitaja siku, saa na chumba. Kosa lenyewe alilisikia akishaingia. Basi aliitwa mjomba, au mchungaji, naye alisafiri usiku kucha na kukaa koridoni tangu alfajiri. Akikubaliwa kuingia alianza, "Wazee wangu, huyu ni mtoto wenu pia." Niliwaheshimu wazee wale. Lakini mtoto asiye na hatia aliombewa msamaha sawasawa na mwenye hatia.

Mahakama zilikuwa zinasita kuingilia mambo ya vyuo, ingawa kesi ya Nyongesa na wenzake dhidi ya Chuo cha Egerton, mwaka 1990, ilishasema kwamba jaji anaweza kutengua uamuzi wa chuo ikiwa mtu hakusikilizwa kwa haki. Nani kati yetu aliijua? Kilichobadilisha mambo kwa wengi ni Katiba ya 2010, Kifungu cha 47, kisha sheria ya 2015 iliyokifafanua: upewe taarifa mapema, uonyeshwe ushahidi, uweze kuomba muda, uje na mtaalamu unayemtaka, uandikiwe sababu za uamuzi.

Nikiwa mhadhiri sasa, wanafunzi wanaponijia tunaanza na barua. Tunaisoma neno kwa neno: unashtakiwa kwa kanuni ipi, na nani aliona nini? Aliyekosa namwambia akiri, kisha tutetee adhabu ilingane na kosa. Kwa maoni yangu huo nao ni msaada kamili.

Tangu programu ya Turnitin ilipoanza kukadiria ni asilimia ngapi ya insha imeandikwa na akili unde, Aprili 2023, kesi zimegeuka. Binti mmoja alinijia akitetemeka, ameshikilia karatasi yenye asilimia hiyo. "Mwalimu, nitathibitishaje kwamba niliandika mwenyewe?" Tulikusanya daftari lake la maktaba, rasimu zote, na kumbukumbu za faili zinazoonyesha insha ikikua siku baada ya siku. Mbele ya kamati aliulizwa kuhusu hoja zake, akazieleza bila kusoma popote. Walimwachilia. Asilimia ya mashine inatosha kumfanya mwalimu aulize, haitoshi kumfukuza mtu chuoni.

Kinachoniumiza hadi leo ni rufaa. Sheria inataka umalize kwanza ngazi za ndani za chuo ndipo uende mahakamani, na siku za kukata rufaa huwa chache. Wengi hunipigia simu siku hizo zikiwa zimeshapita, wamefungasha vitu na kurudi kwao, hawajui kwamba palikuwa na ngazi nyingine. Nimewaomba viongozi wa wanafunzi wabandike utaratibu wa rufaa katika kila bweni, muhula unapoanza.